Kidole Juu ya Chipu

SUDI: Leo naanza na Jumanne yangu. Nilikuwa nachaji seli moja ya 18650, ile betri ya lithiamu ya mviringo, kwa ile bodi ndogo ya chaja yenye chipu ya TP4056 mnayoijua. Betri inasoma volti 3.2. Nikagusa chipu, nikaondoa mkono haraka.

REHEMA: Kidole tena! Kaka Sudi, mita unayo mezani.

SUDI: Mita ilikuwa kazini, inasoma mkondo unaoingia kwenye betri, dada. Na huko ndiko kulikokuwa na mambo. Rezista inayopanga mkondo kwenye bodi ile ni kilo-omu 1.2, maana yake chipu itoe ampea 1. Ikaanza hapo hapo. Baada ya muda ikashuka, 0.9, 0.8, ikatulia kwenye 0.7 na kitu, na hakuna aliyegusa chochote. Betri ilipokaribia volti 3.8, mkondo ukaanza kupanda wenyewe.

REHEMA: Hiyo hesabu naipenda sana. Chaja ya namna hii kazi yake yote inafanywa na transista moja iliyokaa kati ya chanzo na betri. Zinaingia volti 5, betri iko 3.2, zile 1.8 zilizobaki hazina pa kwenda ila kugeuka joto ndani ya chipu. Zidisha kwa ampea 1, unapata wati 1.8 kwenye kitu kidogo kuliko ukucha. Betri ikipanda, pengo linapungua na joto linapungua nalo.

SUDI: Kwa hiyo betri ikiwa tupu ndipo chipu inapata taabu.

REHEMA: Tupu kiasi, si tupu kabisa. Ikishuka chini ya volti 2.9, chipu inaamsha betri polepole kwa sehemu ya kumi hivi ya mkondo, kwa sababu seli iliyofika huko haifai kusukumwa kwa nguvu. Pale kidole chako kingestarehe.

SUDI: Na kule kushuka hadi 0.7?

REHEMA: Chipu inajipima joto. Ikikaribia kikomo chake inapunguza mkondo mpaka joto lisimame. Kwenye LTC4054, chipu nyingine ya namna hii, kikomo hicho ni kama nyuzi 120, kwenye TP4056 ni kama 145, ndani kabisa ya chipu. Haizimi wala haiungui. Ndiyo maana nakwambia kidole chako hakina habari: ngozi inaanza kuuma karibu na nyuzi 45. Kuanzia hapo, 70 na 130 kwako ni kitu kimoja, yote ni "aah!"

SUDI: Umesema 45?

REHEMA: Kama 43 hadi 45.

SUDI: Basi hapo kidole kimeshinda! Seli nyingi za lithiamu mwisho wake wa kuchajiwa ni nyuzi 45. Kwa hiyo kidole tukihamishe, kitoke kwenye chipu kiwekwe kwenye betri. Betri ikiuma, chomoa.

REHEMA: Kwa betri nakubali, tena kwa moyo mmoja. Betri inayochajiwa polepole haitakiwi hata kuwa ya moto, iwe vuguvugu tu.

SUDI: Sasa nifuate. Kwenye bodi zile pini ya joto imeunganishwa na graundi, yaani upande wa hasi. Chipu ina uwezo wa kusoma thamista, kile kipima joto kidogo, iliyobandikwa kwenye betri, lakini kwa kuwa pini imefungwa hivyo, haisomi kitu. Inajua joto lake yenyewe, la betri haijui. Ukiweka chipu ya nyuzi mia na ushee karibu na betri ndani ya kisanduku kilichofungwa, joto linahamia wapi? Mimi natoa hiyo rezista, naweka ya kilo-omu 2.4, mkondo unakuwa nusu ampea, joto nusu.

REHEMA: Na muda wa kuchaji unakaribia kuwa mara mbili, ilhali joto kali ni la mwanzo tu. Unaiadhibu safari nzima kwa ajili ya mlima wa kwanza. Sogeza betri mbali, ipe chipu shaba pana chini yake, kisha uiache ijidhibiti. Imeundwa kufanya hivyo.

SUDI: Kinga ya dharura haifai kuwa mpango wa kila siku.

REHEMA: Si ya dharura! Ni hali ya kawaida ya kazi, imeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya chipu.

SUDI: Na mwenye seli ya miliampea-saa 500 akiichomeka kwenye bodi hiyo hiyo? Anaipa ampea 1, mara mbili ya uwezo wake.

REHEMA: Huyo lazima abadilishe rezista, hilo halina mjadala. Wewe ulikuwa na 18650.

SUDI: Hata yangu naibadilisha.

REHEMA: Na mimi ya kwangu inabaki 1.2.

SUDI: Haya. Tulipanga mambo matatu leo, na sasa...

REHEMA: Dakika mbili. Niseme la mzigo tu, yaani kifaa kinachotumia betri wakati inachajiwa, maana watu wanaua betri. Betri ikifika volti 4.2, chipu inazishikilia hapo na mkondo unapungua taratibu. Ukifika sehemu ya kumi, inakata. Lithiamu haitaki kuendelea kutiliwa kidogo kidogo kama ilivyokuwa kwa betri za nikeli. Sasa ukiwasha redio iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri wakati unachaji, redio inavuta mkondo, chipu inadhani betri bado ina njaa, haikati. Betri inakaa kwenye 4.2 usiku kucha.

SUDI: Dawa yake ni mosifeti moja, yaani swichi ya umeme, na dayodi inayopitisha mkondo upande mmoja tu, redio ivute kwenye chanzo...

REHEMA: Hiyo inataka mchoro, Sudi, hatuimalizi.

SUDI: Na ile ya kuchaji chini ya nyuzi sifuri?

REHEMA: Wasichaji. Sababu yake wiki ijayo.