Pima Macho ya Mchezaji kwa Rula, Karatasi na Simu

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunapima kitu ambacho makocha wengi wanakisia tu: kwa nini mchezaji mzoefu anaonekana kuwa na haraka kuliko anayeanza. Andaa rula mbili za sentimita 30, karatasi nyeupe, kalamu nyeusi na nyekundu, na simu yenye kamera. Tafuta wachezaji wa viwango vitatu: wanaoanza, wa kati, na waliocheza miaka mingi. Kila kiwango kiwe na watu watatu au zaidi, maana mmoja akiwa hajalala vizuri atakuharibia vipimo vyote.

Tunaanza na rula. Mchezaji aketi, mkono ulale juu ya meza, vidole vitokeze nje ya ukingo. Shika rula kwa juu, alama ya sifuri iwe kati ya kidole gumba na cha shahada bila kuguswa. Iachie bila kumwambia, naye aidake. Ona hapa, ameidaka kwenye sentimita 20. Umbali huo unageuka kuwa muda: sentimita 10 ni sekunde 0.14, sentimita 20 ni 0.20, sentimita 30 ni karibu 0.25. Rudia mara kumi, geuza kila umbali kuwa muda, kisha tafuta wastani.

Hapa kuwa makini. Usiachie kwa mpigo uleule, sekunde mbili, sekunde mbili, kwani atakuwa anahesabu kichwani badala ya kuangalia. Na akidaka chini ya sentimita 5, hiyo ni sekunde 0.10, amebahatisha, futa. Hata kwenye mbio fupi za riadha, anayeitikia mlio chini ya sekunde 0.100 anahesabiwa kuwa ameondoka kabla ya wakati.

Sasa weka matokeo ya viwango vitatu pamoja. Mara nyingi tofauti ni ndogo mno, na pengine anayeanza akampita mzoefu. Usidhani umekosea kupima. Mwitikio huu wa kawaida hautenganishi sana wachezaji kwa ubora wao, ndiyo maana nasikitika kuona vijana wakichaguliwa au kuachwa kwa kipimo hiki peke yake.

Chukua rula ya pili. Moja juu ya mkono wa kulia, nyingine juu ya wa kushoto. Unaachia moja tu, na mkono mwingine usifunge. Muda utaongezeka. Mtafiti W. E. Hick wa Uingereza alilionyesha hili mwaka 1952: chaguo zikiongezeka, akili inachelewa zaidi kuamua. Na uwanjani hakuna mahali penye chaguo moja.

Tuje kwenye karatasi. Tawanya herufi T nyingi, zielekeze huku na huku, kisha ficha L moja kati yake. Tengeneza karatasi ya herufi 8, ya 16 na ya 32. Igeuze, anza kupima muda, simamisha akiigusa L. Kadiri herufi zinavyoongezeka ndivyo anavyochelewa. Sasa tengeneza nyingine ambayo herufi moja ni nyekundu na zote zilizobaki nyeusi: hiyo anaiona papo hapo, ziwe 8 au 32. Hapa pia usishangae mzoefu asipowazidi wenzake. Hajawahi kutafuta L kwenye mechi.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachokipenda, na ndicho cha kukipa muda wako mwingi. Mpira wa penalti ukipigwa kwa kilomita 100 kwa saa unafika langoni, mita 11, kwa sekunde 0.4 hivi. Toa sekunde 0.2 za mwitikio. Kinachobaki hakimtoshi kipa kuifikia nguzo, kwa hiyo ni lazima asome kabla mpira haujaguswa.

Simama katikati ya goli, simu iwe usawa wa macho ya kipa. Rekodi wapigaji kadhaa, kulia na kushoto kwa idadi sawa, hadi upate klipu 20. Tengeneza nakala tatu za kila klipu, kila moja ikatwe mahali pake: mpigaji akiwa amebakiza hatua mbili, mguu wa kuegemea unapotua, na kiatu kinapogusa mpira. Changanya mpangilio. Skrini ikizima, mchezaji aseme upande mara moja. Akipata 10 kati ya 20 za mkato mmoja, anabahatisha.

Simamisha hapa uone. Mguu wa kuegemea umetua kando ya mpira, ncha ya kiatu imeelekea upande mmoja, nyonga imeanza kugeuka. Geert Savelsbergh na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti wa makipa uliofuatilia macho. Wazoefu walituliza macho sehemu chache na kwa muda mrefu zaidi, na kadiri pigo lilivyokaribia waliangalia zaidi miguu na eneo la mpira. Wanaoanza walitumia muda mwingi kwenye kiwiliwili, mikono na nyonga. Jicho likiwa linaruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine halioni vizuri, kwa hiyo kuhangaika kuna gharama.

Huna kifaa cha kufuatilia macho? Bandika kipande cha karatasi kwenye skrini kifunike miguu ya mpigaji, urudie kipimo. Safari nyingine funika kiwiliwili. Alama zikiporomoka miguu ilipofichwa, ujue ndiko anakosoma. Zisipobadilika, hakuwa akiitumia.

Klipu hizohizo zitumie pia kwa mazoezi. Kata kwenye mguu wa kuegemea, ajibu, kisha iachie iendelee aone mpira ulikokwenda. Usimwambie aangalie wapi mapema mno. Mpe nafasi agundue, ndipo umwelekeze. Siku ya kumpima tena tumia wapigaji ambao hajawahi kuwaona, maana wale wa mwanzo atakuwa ameshawakariri.