Sanchi: Kuba ya Mawe na Majina ya Waliotoa

SALMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tuko India, jimbo la Madhya Pradesh, juu ya kilima cha Sanchi. Kaka Juma, tupandishe.

JUMA: Ukifika juu, dada, unakutana na stupa: kuba iliyojaa tele ndani, haina chumba wala mlango. Upana wake unapita mita 36, kimo mita 16 na ushee. Waumini wa Buddha huizunguka kwa miguu, bega la kulia likiielekea.

SALMA: Aliyeianza ni mfalme Ashoka?

JUMA: Ndiye, karne ya 3 KK, kwa matofali. Baadaye ikavikwa mawe, ikakua karibu maradufu. Karne ya 1 KK yakasimamishwa malango manne, na hapo ndipo mimi hubanduki.

SALMA: Kwa nakshi zake!

JUMA: Nakshi, na majina. Lango la kusini limeandikwa kwamba kazi ile ni ya wachonga pembe za ndovu wa Vidisha, mji wa jirani. Fundi aliyezoea kipande cha kiganjani kapewa nguzo ya mawe! Ndiyo maana, kwa maoni yangu, hata jani dogo limechongwa kwa subira ile.

SALMA: Na kwenye nakshi hizo Buddha mwenyewe humuoni kwa umbo la mtu.

JUMA: Humuoni kabisa. Lango la mashariki linaonyesha usiku Buddha, mwana wa mfalme, alipoiacha ikulu: farasi anatoka, tandikoni hayupo mtu, ila mwavuli wa kifalme umeinuliwa juu yake kuwa alama ya Buddha. Mwisho wa safari farasi anarudi, na mwavuli haupo tena.

SALMA: Mimi kilichonigusa ni wale wafadhili. Kuna mamia ya maandishi mafupi: fulani katoa jiwe hili, fulani katoa lile. Wafanyabiashara, watawa wa kiume na wa kike, wanawake wengi kwa majina yao wenyewe. Tukisema tu "Ashoka alijenga", tunawadhulumu.

JUMA: Umenena. Basi karne zikapita, watawa wakaondoka, msitu ukatanda. Mwaka 1818 afisa wa Kiingereza, Jenerali Taylor, akapafikia. Heri wangeishia kutazama! Mwaka 1822 Kapteni Johnson aliipasua kuba upande mmoja, juu hadi chini, na lango la magharibi likaja kuanguka kwa sababu hiyo.

SALMA: Inauma. Nani akaiokoa?

JUMA: John Marshall wa Idara ya Mambo ya Kale aliikarabati kuanzia 1912 hadi 1919. Lakini fedha zilitoka kwa watawala wa Bhopal, dola iliyotawala eneo hilo, na hao walikuwa wanawake Waislamu: Shah Jahan Begum, kisha bintiye Sultan Jahan Begum, ambaye aligharamia na makumbusho pale pale.

SALMA: Waislamu wakitunza mahali patakatifu pa Wabudha. Hili lisimuliwe zaidi.

JUMA: Tena kuna masalia ya miili ya Sariputta na Moggallana, wanafunzi wakuu wa Buddha. Waingereza wawili, Alexander Cunningham na Maisey, waliyafukua mwaka 1851 kwenye stupa ndogo iliyo jirani, yakaishia London.

SALMA: Yakarudi?

JUMA: Yalirudi. Mwaka 1952 yaliwekwa katika hekalu jipya hapo hapo Sanchi. Kila Novemba hutolewa hadharani, na mahujaji hufika hata kutoka Sri Lanka.