Mlango wa Chumba na Marafiki wa Chuoni

MWANAIDI: Karibuni tena katika kipindi chetu tunachokirekodi hapa Bagamoyo, katika chumba kinachotazama njia ya kuelekea soko la samaki, kwa hiyo honi za bodaboda zikipenya mtuwie radhi. Leo tunazungumzia tafiti zilizofanywa kuhusu namna wanachuo wanavyokutana, wanavyozungumza na wanavyofikia kuwa marafiki. Kaka Bakari, wewe ndiye uliyependekeza mada hii.

BAKARI: Ahsante, dada Mwanaidi. Niliipendekeza kwa sababu nimechoka kumsikia mwanachuo akisema kwamba yeye si mtu wa watu, kana kwamba upweke ni kilema alichozaliwa nacho. Tafiti za zaidi ya miaka 70 zinaonyesha kwamba kabla hatujaichambua tabia ya mtu, inafaa tuulize mlango wa chumba chake uko wapi.

MWANAIDI: Hilo linahitaji ushahidi, maana sisi tumezoea kusema kuwa ndege wa rangi moja huruka pamoja.

BAKARI: Ushahidi upo. Mwaka 1950, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti wao kuhusu nyumba za Westgate, walimokaa wanachuo wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani. Wakazi hao walikuwa wanachuo wenye ndoa, wengi wao wakiwa wametoka vitani katika Vita Kuu ya Pili, na hawakujichagulia majirani, kwani kila familia ilipangiwa nyumba kulingana na nafasi iliyopatikana. Walipotakiwa kuwataja wale wanaoshirikiana nao zaidi, waliopakana milango walitajana kwa kiwango cha asilimia 41, waliotenganishwa na mlango mmoja kwa asilimia 22, na waliokaa kwenye ncha mbili za ukumbi uleule kwa asilimia 10 tu.

MWANAIDI: Nawe uliniambia jana kwamba ukumbi wenyewe haukufika hata mita 30.

BAKARI: Haukufika, na ndiyo maana nasema kwamba umbali wa hatua chache una uzito kuliko tunavyodhani. Zaidi ya hayo, wakazi wa chini ambao milango yao ilikuwa karibu na ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu kuliko wenzao wa katikati, kwa kuwa watu wa juu hawakuwa na njia nyingine ya kupita.

MWANAIDI: Hapo umenikumbusha nyumba zetu za kupanga. Mwanachuo asiyepata nafasi bwenini huenda akapanga chumba katika nyumba ya Kiswahili kule Magomeni au Dunda, hapa hapa Bagamoyo, yenye ukumbi unaotoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vikiwa pande zote mbili, na huko nyuma kukiwa na choo, bafu na bomba moja la wote. Anayekaa chumba cha mwisho, karibu na uani, hupitwa na kila mwenye ndoo, kila mwenye kanga ya kuogea na kila anayekwenda kuinjika chai, na kwa adabu ya pwani hakuna anayepita bila kumsalimia. Anayekaa chumba cha mbele chenye mlango wake wa kutokea nje anaweza kuumaliza muhula pasipo kuwajua wapangaji wenzake wanne.

BAKARI: Na huyo wa mbele, tena akiwa na choo cha ndani, ndiye anayelipa kodi kubwa zaidi.

MWANAIDI: Analipia utulivu, na upweke anaongezewa bure. Lakini usilipambe bomba kupita kiasi, kaka, kwa sababu pale pale ndipo watu wanapogombania zamu ya kuchota maji na ndipo panapozuka masengenyo ya muhula mzima.

BAKARI: Sikatai, na watafiti wenyewe walilibaini hilo. Utafiti wa Ebbesen na wenzake, uliochapishwa mwaka 1976 kuhusu wakazi wa nyumba za California, ulionyesha kwamba hata watu tunaowachukia aghalabu hukaa karibu nasi, kwa kuwa anayekaa mbali hana nafasi ya kutukera. Ukaribu hufungua njia tu, na njia hiyo hupitisha wema na ubaya.

MWANAIDI: Na darasani hali ikoje? Huko nako mtu hujichagulia kiti.

BAKARI: Nchini Ujerumani, Back mwingine, Mitja Back, pamoja na Schmukle na Egloff, waliwapangia wanachuo wa mwaka wa kwanza viti kwa bahati nasibu katika kikao chao cha kwanza kabisa, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wameketi jirani siku ile, au hata safu moja, walikuwa na urafiki mkubwa zaidi kuliko waliotupwa mbali.

MWANAIDI: Hata hivyo, kukutana peke yake hakutoshi. Jeffrey Hall, wa Chuo Kikuu cha Kansas, aliwafuatilia watu wazima waliohamia miji mipya pamoja na wanachuo wapya, akakadiria kwamba huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, kiasi cha saa 90 hadi urafiki kamili, na zaidi ya saa 200 hadi kushibana. Lililonivutia ni kwamba saa za kulazimika kuwa pamoja, kama za kazini au darasani, hazikuleta urafiki kama zilivyouleta saa za kupumzika na kupiga soga. Sasa najiuliza, wanafunzi wa TaSUBa, ambao chuo chao kimefundisha sanaa hapa Bagamoyo tangu mwaka 1981, wanapofanya mazoezi ya ngoma, tuzihesabu saa hizo kuwa za kazi au za mapumziko?

BAKARI: Ni za kazi, kwa kuwa zimo kwenye ratiba na mwalimu anazitolea alama.

MWANAIDI: Mimi siafiki. Wapiga ngoma husikilizana kwa namna ambayo wanafunzi wawili wanaonakili maandishi ubaoni hawasikilizani. Mgawanyo wa Hall unawafaa wanachuo wa Kansas, ila hapa ungehitaji fungu la tatu.

BAKARI: Nakubali kwamba hilo ni la kupimwa. Kuna pia watu ambao hatufikishi nao hata saa moja. Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn, katika utafiti wa mwaka 2014 uliofanyika Kanada, waliwapa wanachuo vihesabio viwili, kimoja cha kuhesabu maongezi na watu wa karibu na kingine cha maongezi na watu wanaofahamiana nao juu juu, na katika sehemu nyingine ya utafiti huohuo wakaona kwamba siku ambayo mwanachuo alizungumza na wanadarasa wengi kuliko kawaida yake, alijisikia mwenye furaha zaidi.

MWANAIDI: Kihesabio hicho kingeharibika mapema hapa, maana kutoka kituo cha bajaji hadi kwa mama anayekaanga vitumbua umekwisha salimiana na nusu ya mtaa.

BAKARI: Ndipo linapokuja suala la kipimo. Matthias Mehl na wenzake walitumia kinasa sauti kidogo kilichorekodi sekunde 30 kila baada ya dakika 12 na nusu, na mwaka 2010 waliripoti kuwa kati ya wanachuo 79, wenye furaha zaidi walikuwa na mazungumzo mazito mengi na porojo chache. Uchambuzi mpana zaidi wa mwaka 2018 ulithibitisha kwamba mazungumzo mazito huendana na furaha, lakini haukuona kuwa porojo zinadhuru.

MWANAIDI: Na salamu zetu ungeziweka wapi? Tunapoamkiana tunaulizana hali ya mgonjwa wa nyumbani, tunapeana taarifa ya msiba, na wakati mwingine ndipo mwanachuo anapojulikana kwamba hajala tangu jana. Msikilizaji wa mbali angeandika porojo. Tukumbuke kwamba mwaka 2010 Henrich, Heine na Norenzayan walieleza kuwa asilimia 96 ya washiriki waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani.

BAKARI: Basi ungeanza vipi utafiti wa aina hii hapa?

MWANAIDI: Kinasa sauti ningekiacha, kwa sababu mwanachuo anaweza kuridhia kurekodiwa, lakini jirani yake wa bombani hajaombwa ridhaa. Baada ya kupata kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ningechora ramani ya kila nyumba wanamopanga wanachuo, milango, ukumbi na bomba vikiwamo, kisha ningemuuliza kila mpangaji, peke yake, juzi na jana alizungumza na nani na walikutania wapi.

BAKARI: Nami ningeomba uongeze swali moja: akiugua usiku, atabisha mlango wa nani.