Watoeni kwenye sofa

Mazungumzo na vijana wanaojifunza kuandika filamu, Mtwara mjini

Asalaam aleykum. Bwana asifiwe. Mtwara kuchele!

Ahsanteni. Mkiitikia hivyo najua nimefika nyumbani.

Wale walionisikia Lindi mwaka jana wanajua ninakoelekea. Wanisamehe, maana nitalirudia lile lile, kwamba watoeni wahusika wenu kwenye sofa, na nitalirudia mpaka nilione kwenye kazi zenu. Nimeletewa skripti ishirini na mbili. Nimezisoma zote, wiki nzima. Kumi na saba zinaanzia sebuleni. Watu wawili wamekaa kwenye sofa. Mmoja anasema, "Yaani shoga yangu, tangu mume wangu anifukuze nimeteseka sana mimi na wanangu wawili." Mwenzake anasema, "Pole, lakini si nilikwambia yule mwanamume ana mwanamke mwingine?" Haya. Kuna nini tena hapo? Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya picha. Dakika moja tu, mtazamaji keshapewa ndoa, talaka, watoto na hawara. Angoje nini?

Sasa niwaulize, na mnijibu kweli. Ni nani hapa ambaye kwao watu huambiana jambo zito wakiwa wamekaa kwenye sofa wanatazamana usoni? Anyooshe mkono. Simwoni. Kwetu jambo zito husemwa mtu ameinama. Anachagua mchele, anapara samaki, anabangua korosho. Macho yana kazi yake, na mdomo ndipo unapopata ujasiri.

Nitawapa kisa kimoja. Ni kirefu kidogo, mnivumilie, kwa sababu kila ninachokijua kuhusu kuandika kimo humo.

Nilikuwa na miaka kumi, Mikindani, kwa bibi yangu mzaa mama. Nyumba ile haikuwa na mtoto wa kike, kwa hiyo kukuna nazi ilikuwa kazi yangu. Siku hiyo bibi anapika kisamvu, mimi niko juu ya mbuzi, nazi ya pili. Mara anaingia mama mdogo kutoka Newala. Hatukuwa tunamtarajia. Ana begi moja, kubwa, na ndala zake zimejaa vumbi jekundu la kule juu. Anasalimia. Bibi anaitikia, anamtazama, analitazama begi, anasogeza kigoda. Hamuulizi kitu. Anampa mtwangio.

Basi mama mdogo akatwanga. Mpaka leo naisikia ile sauti. Alianza kwa kasi, pu pu pu pu, kisha ikapungua, ikasimama, ikaanza tena. Bibi alikuwa ameupa mgongo ule mlio, anachochea kuni, lakini ukimtazama shingo unajua anausikiliza. Kisamvu kikaingia jikoni, maji matupu, kichemke mpaka ile harufu ya ubichi iishe. Hapo hakuna haraka, kisamvu kibichi ni sumu. Mama mdogo akaanza kuzungumza. Akasema mvua za mwaka huu. Akasema barabara ya Kitangari. Akasema bei ya korosho. Kila alipokaribia la kwake, aliinuka kwenda kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri kabisa.

Tui la pili likaingia, lile jepesi. Kasimile, lile tui zito la kwanza, bibi alikuwa ameiweka kwenye bakuli pembeni ya mguu wake, ameifunika na kawa. Kisamvu kikakauka tena, kikalainika. Ndipo alipoifunua kasimile akaimimina yote, akampa mama mdogo upawa, akamwambia, "Koroga wewe. Usiache, litakatika."

Mnaona alichofanya? Tui zito likishaingia huwezi kuondoka. Huwezi kwenda kupuliza moto. Ukiacha kukoroga tu, mafuta huku, maji huku, chungu kimeharibika na nyumba nzima inakutazama. Mama mdogo amefungwa pale, mkono unazunguka. Na bibi akauliza swali lake la kwanza tangu asubuhi: "Watoto umewaacha na nani?"

Mkono ukazunguka mara tatu, nne. Akasema, "Nimewaacha kwa mjomba wao."

Kimya. Machozi yakamshuka mpaka kidevuni, lakini hakuacha kukoroga, na tui halikukatika. Bibi akachukua chumvi, akatia, akaonja kiganjani, akaniambia nikalichukue begi nikaliweke chumbani kwake.

Nilikuwa mtoto na nilielewa kila kitu. Ninyi pia mmeelewa, ninawaona nyuso zenu. Neno talaka limetajwa wapi? Halikutajwa. Kwetu huku mtoto ni wa upande wa mama, na mama akiwapeleka watoto kwa mjomba na begi lake mwenyewe akalileta kwa mama yake, hapana haja ya shahidi. Maneno manne, na ndoa imekwisha mbele ya macho yetu. Kwenye skripti zenu jambo hilo hilo limechukua kurasa tatu, na sikutoa chozi.

Bibi hakuwahi kuandika hata barua. Lakini alijua kwamba kasimile ndiyo inayoingia mwisho. Ukiimimina mwanzo ukaiacha ichemke saa nzima na majani, inakatika, na ladha imekwenda. Ninyi mnaimimina ukurasa wa kwanza. Kisha mnashangaa kwa nini katikati ya filamu mnahitaji mchawi, ajali ya gari na ujauzito ili kuamsha watu.

Nimegusa mjomba, niseme na hili. Katika skripti zenu, binti wa Tandahimba anataka kuolewa, na anayekataa ni baba. Baba, baba, baba, kwenye sofa, ameshika rimoti. Tangu lini? Mmakonde gani, Mmwera gani, Myao gani anaozwa mjomba hayupo? Najua mlikotoa. Mmetoa kwenye tamthilia za Dar es Salaam, na wao wametoa kwenye za watu wengine. Mtaniambia, "Kaka, mtazamaji wa Mwanza hatamjua mjomba ni nani." Atamjua. Mwonyeshe baba ameketi kwenye mkeka na sahani imeshawekwa mbele yake, hali, anatazama mlango. Mjomba anaingia, ananawa, anamega tonge la kwanza, na baba naye ndipo anamega. Hata mtu wa Brazili ataelewa ni nani mwenye nyumba. Tonge limekuokolea ukurasa mzima wa maelezo.

Sasa watanijia watu wa bajeti. Kuna prodyuza mmoja, simtaji, nilimwandikia sini ya wanawake wanne jikoni usiku wa kuamkia harusi. Niliiandika kwa siku tisa. Nafika lokesheni, nakuta wanawake wale wanne wamepangwa kwenye sofa, mistari ni ile ile. Anasema sebule tumeshaikodi, na jikoni moshi unaharibu picha na kukuna nazi kunaharibu sauti. Ndugu zangu, mafiga matatu yana bei gani kushinda sofa la kukodi? Moshi ukipigwa na mwanga kutoka nyuma ni pambo ambalo hakuna duka linaliuza. Na ule mlio wa mbuzi unarekodiwa peke yake baadaye, dakika mbili, basi. Filamu ile ilitoka. Wale wanawake wanne hawana pa kuweka mikono yao. Kila nikiitazama nasikia maumivu.

Wengine wanasema jiko halivutii, vijana wanataka vurugu. Mwaka 1994 Ang Lee, mzaliwa wa Taiwan, alitoa filamu inayoanza na mzee mpishi anaandaa chakula cha Jumapili kwa binti zake watatu. Dakika kadhaa, samaki, kisu, mvuke, mazungumzo karibu hakuna. Filamu ile ilifika kugombea tuzo ya Oscar huko Marekani. Na haina vurugu? Ina vurugu tele, iko mezani, kwa sababu mabinti wanakula na kila mmoja ana jambo lake moyoni. Singeli naipenda, niwekeeni hata sasa hivi nitacheza. Nimekulia vibanda umiza, enzi tunasubiri mkanda uliotiwa sauti na Lufufu, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatiririka, tunacheka. Nawajua watazamaji wetu. Mtu aliyekaa juu ya benchi la mbao kwa saa tatu hawezi kushindwa kumtazama mama akikoroga chungu, ukimpa sababu ya kuhofia kile chungu.

Kuna jingine linalonichoma, kucha. Niliona tamthilia, jina naliacha, binti ni mbangua korosho, yatima, anawalea wadogo zake. Kamera inakuja karibu na mkono wake, kucha ndefu, nyekundu, zinang'aa. Nani hapa mama yake amebangua? Basi mnajua ganda la korosho lina mafuta yanayochubua ngozi. Mnajua wanavyojipaka majivu kabla hawajagusa. Ncha za vidole zinakuwa nyeusi, ngozi inabanduka kama karatasi, na ukimpa mtu wa hivyo pilipili au ndimu ashike anaruka. Sini nzima imo pale: amealikwa harusini, anaona haya kunawa mbele za watu kwa sababu ya vidole vyake. Hiyo ni bure, imelala Masasi, Nanyumbu, kila mahali, na mwandishi ameipita akaenda kununua kucha.

Mnasema kusini hakuna matukio. Mwaka 2018, korosho zimekaa maghalani, wanunuzi wamekataliwa bei yao, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kubeba. Dunia nzima iliandika kuhusu malori. Niambieni, ni nani aliyeandika kuhusu sufuria? Mnakumbuka kwenu mlikula nini miezi ile ya kungoja malipo? Kuna nyumba ming'oko, vile viazi vya porini, ilirudi mezani na watoto wakadhani ni sherehe. Mama anaichemsha anatabasamu, baba anatazama pembeni. Bei ya zao inaonekana kwenye chungu kabla haijaonekana benki. Anayetaka kuandika hiyo aje tuongee, nitamsaidia bila malipo.

Na kijana aliyeniandikia karatasi hapa, "Je, mwanamume ataandikaje jikoni?" Mdogo wangu, kwa kupika. Mimi napika kila jioni kabla sijaandika, na si kwa sababu mke wangu amesafiri. Ukishaunguza kitunguu mara moja unajua kwamba kuna sekunde kati ya rangi ya dhahabu na uchungu, na utamwandika mtu anayegombana na simu huku kitunguu kikimponyoka. Usipopika utaandika "anapika", na mwigizaji atasimama anazungusha mwiko kwenye sufuria tupu. Tumewaona hao. Sufuria haina kitu ndani, na macho yao pia.

Nilikuwa nimepanga kusema juu ya lafudhi, kwamba muache kuwapa watu wa Kilwa maneno ya Kinondoni, na juu ya mikataba, msisaini karatasi ambayo hamjaisoma, jina lako liandikwe mwanzo wa filamu kama mtunzi. Mwenyekiti ananionyesha saa. Mikataba ina siku yake, nitaomba nirudi na mwanasheria.

Kazi ya kesho. Leo jioni nendeni nyumbani mkakae jikoni. Usiulize mtu kitu, msaidie kazi, chambua, kuna, osha. Sikiliza. Andika ukurasa mmoja: watu wawili, chakula kimoja, na jambo moja ambalo wote wawili wanalijua na hakuna anayelitaja. Niandikie mikono inafanya nini. Anayekaa Msangamkuu awahi boti ya kwanza, tunaanza saa tatu kamili. Na nikikuta sofa, narudisha karatasi.