Wafamasia wa Bongo, Saudia ya leo si ile mliyosimuliwa

Wadau wa Dar, habari zenu. Wakubwa zangu, shikamooni. Nipo Jeddah, na leo naongea na nyie mliotoka Muhimbili na vyeti vya famasi mkononi, maana mnanijazia meseji za swali moja: "Kaka, Saudia wanachukua wafamasia?"

Wanachukua. Ila sikilizeni kwanza nani anasimama kaunta.

Kwa miaka mingi ukiingia duka la dawa la mtaani huku, anayekuhudumia ni Mmisri, na mwenzake pembeni Mmisri. Chuo cha famasi wanacho siku nyingi, kile cha King Saud kule Riyadh kimeanza 1959. Lakini Msaudia akihitimu macho yake yako hospitali ya serikali, kwenye mshahara mzuri na saa zinazoeleweka. Kukesha dukani akaachiwa mgeni. Na huyo Mmisri ana kitu ambacho wewe wa Tabata huna: Kiarabu. Anakuja mzee kashika tumbo, anaeleza kwa lafudhi ya kijijini kwao, anataka kujua dawa anywe kabla ya kula au baada. Kiingereza chako cha darasani hapo kinakusaidia nini?

Tusiwacheke, na sisi tulikuwa na pengo la wafamasia. Tuliliziba kwa maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma 2003, mtoa dawa akapewa mafunzo ya wiki chache. Wenzetu hela walikuwa nayo, wakaagiza wafamasia wazima wazima.

Sasa upepo umegeuka. 2020 serikali iliagiza sehemu zenye wafamasia wageni watano na kuendelea, asilimia 20 wawe Wasaudia. Mwaka uliofuata ikawa 30. Tangu Julai 2025 maduka ya mitaani ni 35, na hospitali 65. Hebu itazame hiyo tofauti: hospitali, ambako wengi wenu ndiko mnakotamani, ndiko mlango umebana zaidi. Na tajiri hawezi kuandikisha kijana wa Kisaudia jina tu ili atimize hesabu, maana asiyelipwa angalau riyali 7,000 kwa mwezi hahesabiwi.

Mtaani inaonekana. Juzi nimeingia kununua dawa ya mafua, kaunta yupo dada wa Kisaudia, nikabu na koti jeupe, anaskani boksi huku ananiuliza kama nina presha. Zamani kumkuta mwanamke kwenye kaunta ya duka la mtaani ilikuwa nadra.

Bado unataka kuja? Njoo, wageni bado ni wengi na nafasi zipo. Vyeti vyako vitahakikiwa na chuo chenyewe ulichosoma, utatakiwa barua ya Baraza la Famasi, na kuna mtihani wa kompyuta wa tume yao ya taaluma za afya. Kiarabu anza leo, hata cha madrasa si haba. Dalali anayekwambia "lipa tu, mengine tutamalizana huko huko", mimi simwamini hata kidogo. Na ukipewa viza, kabla hujalipa hata shilingi, mpelekee ustadhi wa mtaani akusomee hicho Kiarabu: kazi iliyoandikwa ni mfamasia, au ni mpanga maboksi?