Jinsi ya Kuubishania Wimbo wa "Money" wa Pink Floyd

Karibuni tena, watazamaji. Leo tunabishana, ila kwa masikio. Wimbo wetu ni "Money" wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, kutoka albamu yao ya mwaka 1973, The Dark Side of the Moon.

Kwanza, kubalianeni mnasikiliza rekodi ipi. Niliwahi kuvutana na rafiki yangu nusu saa nzima, kumbe mwenzangu ana ile ya jukwaani, mimi nina ya studio!

Haya, cheza mwanzo. Unazisikia sarafu, karatasi ikichanwa, mashine ya fedha ya dukani? Sauti hizo zilirekodiwa, kanda ikakatwa vipande na kuungwa iwe mduara unaojirudia. Usiseme kitu bado. Hesabu mapigo. Hapa Kiswahili kinatubeba, maana moja hadi saba kila namba ina silabi mbili: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no, si-ta, sa-ba. Gitaa la besi likiingia, nenda nalo. Ukifika saba, linarudi mwanzo. Anayeshikilia kwamba ni mapigo manne, mwambie apige makofi mbele yako. Hafiki mbali.

Usiache kuhesabu. Saksofoni ya Dick Parry inalia juu ya saba zilezile. Sasa sogeza hadi dakika ya tatu hivi, gitaa la David Gilmour wa bendi hiyo linapoingia na solo, yaani sehemu ambapo chombo kimoja kinatangulia peke yake. Hesabu imekugomea, siyo? Badili, hesabu nne. Utamu wa ubishi uko hapa. Wapo watakaosema bendi imekwepa ugumu. Mimi naona wimbo umefunguliwa kamba ukimbie, na saba zinaporudi kwenye ubeti wa mwisho, unachechemea kuliko mwanzo. Katikati ya solo pia tega sikio: vyombo vinapungua, mwangwi unakauka, kisha vyote vinarudi kwa kishindo.

Tuje kwenye maneno. Mtunzi ni Roger Waters, mwimbaji ni Gilmour, kwa hiyo ukisema "mwimbaji ana uroho wa pesa" umeshateleza. Anayesema "mimi" ni mhusika. Je, anakejeliwa au anashangiliwa? Mimi nasema anakejeliwa, na ushahidi ninao: anataka pesa igawanywe kwa haki, ila fungu lake lisiguswe.

Mpinzani akikataa, mwombe dakika na sekunde. Rudisha nyuma, msikilize pamoja.