Chura Mdogo wa Misitu ya Pwani: Ukoo Wake na Makazi Yake

Wazee wangu, walimu, nanyi wanafunzi mliojaa huko nyuma, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie uainishaji, yaani upangaji kwa ukoo, wa vyura wa misitu yetu ya chini. Hilo ni jambo pana, kwa hiyo nitakaa na mmoja tu: Mertensophryne micranotis. Hafiki sentimita 3, rangi yake ni ya majani makavu, na mnaweza kumpita msituni mara mia msimwone.

Aliyempa jina ni Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi Tanganyika kabla ya kuhamia makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1925 alieleza chura wa Kilosa na kumwita Bufo micranotis. Zama zile karibu kila chura mwenye ngozi ya vipele aliingizwa kwenye jenasi (kundi la viumbe ndugu) Bufo, awe wa Ulaya, wa Asia au wa huku kwetu. Mwaka 1960 mtaalamu Tihen akamtengea jenasi yake, Mertensophryne, kwa heshima ya mtaalamu wa Kijerumani Robert Mertens.

Ila ukitaka kumjua chura huyu, mwangalie anavyozaa. Wale mnaowasikia wakipiga kelele mabwawani masika, dume humpanda jike mgongoni, jike akatoa mayai, nalo dume likayarutubisha humo majini. Huyu wetu sivyo. Dume na jike hukumbatiana tumbo kwa tumbo, na mayai hurutubishwa yakiwa bado mwilini mwa jike. Halafu jike hana haja ya bwawa. Maji kidogo yaliyotuama kwenye tundu la mti, kwenye gamba la konokono aliyekufa, hata kwenye kifuu cha nazi, yanamtosha. Mwaka 1983 Alice Grandison wa London na James Ashe, aliyekuwa akiishi Kenya, waliandika habari hizi kwa kirefu, na mimi mpaka leo nikizisoma nastaajabu.

Sasa chungulieni ndani ya lile gamba. Kiluwiluwi ana pete ya nyama kichwani, imezunguka macho na pua kama taji. Katika msitu wa Chirinda, Zimbabwe, yuko chura mwingine ambaye viluwiluwi wake nao wana taji. Mtaalamu Boulenger alimwita Bufo anotis mwaka 1907, kisha akaja kuwekwa kwenye jenasi ya peke yake, Stephopaedes. Miaka ikapita jenasi hizi mbili zikiandikwa mbalimbali, hadi mwaka 2006, Darrel Frost na wenzake walipowapanga upya amfibia (vyura na jamaa zao) wa dunia nzima na kuziunganisha chini ya jina Mertensophryne. Kwangu mimi, watoto walikuwa wameshatuonyesha undugu huo. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi: msikusanye vyura waliokomaa tu mkasema kazi imekwisha.

Ndugu wengine wenye asili hiyo hiyo tunao hapa hapa. Mwaka 1999 wataalamu Poynton na Clarke walieleza wawili: usambarae, wa vilima vya chini vya Usambara Mashariki, na howelli wa Mafia, aliyepewa jina la Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Na huyu micranotis anapatikana wapi? Kenya yuko Arabuko-Sokoke na Shimba Hills. Tanzania yuko Pugu, Kilosa, Rondo kule Lindi, na visiwani Unguja na Songo Songo. Msishangae kumkuta Unguja. Wakati wa enzi ya barafu bahari ilikuwa chini sana, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Maji yalipopanda, msitu na wanyama wake wakabaki ng'ambo.

Ukiziweka sehemu hizo kwenye ramani utaona vipande vipande, kwa sababu misitu yenyewe imebaki vipande. Chura huyu anategemea kivuli, majani yaliyooza, magogo na miti mizee yenye matundu. Msitu ukifagiliwa kuni zote za chini, hata kama miti bado imesimama, yeye anakosa pa kuzalia.

Kwa hiyo wenzangu wa kamati za misitu, mvua zikianza, chunguzeni magamba ya konokono na matundu ya miti. Mkiona kiluwiluwi mwenye taji, msimwage maji yale. Andikeni tarehe na jina la mahali, mpigeni picha kwa juu, halafu mtuletee.